Kuku Aliyeatamia Mawe ya Tochi

Thadeus Mwandawiro alikuwa mpangaji wangu hapa Werugha, milimani Taita, miaka ya sabini, kijana mpole, wa kusali hata kabla ya kula ndizi. Alifundisha sayansi darasa la saba bila cheti cha ualimu. Akaambiwa inspekta atakuja kutoka Wundanyi amwangalie akifundisha. Akiridhika, Thadeus ataandikwa kazi ya kudumu. Asiporidhika, atarudi kukata mkonge kule chini upande wa Voi, na mgongo wake ulikuwa umeshaukataa mkonge.

Somo lilikuwa sumaku ya umeme. Unazungusha waya wa shaba kwenye msumari, unaunganisha ncha zake na betri za tochi, zile tunazoita mawe, na msumari unaanza kuvuta chuma. Ukiachanisha waya, unarudi kuwa msumari tu. Alinieleza haya jikoni nikichambua mboga, nikasema, "Mungu ni mkubwa."

Shida ilikuwa mawe. Yalikuwa yamechoka, na dukani hakuna. Sasa, kila mtu anajua jiwe lililochoka huanikwa juu ya bati, likipata joto la jua linaamka kidogo. Lakini ilikuwa Julai, na Werugha mwezi wa Julai jua tunalisikia kwa redio. Aliyaanika, ukungu ukayalowesha. Jumapili akayabana kwapani ibadani. Tuliposimama kuimba yakaanguka, yakaviringika hadi mbele, na mzee wa kanisa Zephaniah akayarudisha kwa kiatu bila kukosa hata neno moja la wimbo.

Jioni hiyo akanijia. "Mama Lois, yule kuku wako anayeatamia, ana joto?"

"Joto analo. Na hasira pia."

Akayafunga mawe pamoja kwa mpira wa baiskeli, na nyaya zake zikitokeza, tukayaingiza chini ya kuku kikapuni mwake, katikati ya mayai. Kuku akayapokea kama wanawe. Asubuhi ya inspekta akakataa kuyatoa. Kila mkono ulioingia ulitoka na damu. Ikabidi Thadeus abebe kikapu kizima mpaka shuleni, kuku ndani, nyaya zikining'inia, nami nyuma na mtama wa kumtuliza.

Inspekta Kituku, mtu mnene mwenye suti, alikitazama kikapu, akaketi. Thadeus akaunganisha nyaya na msumari wake. Pini zilizokuwa mezani zikarukia msumari, zikaning'inia kama popo. Darasa likapiga makofi.

"Vizuri," akasema inspekta. "Umeme unatoka wapi?"

Jedidah wa dawati la mbele akasimama. "Kwa kuku, bwana."

Nilikuwa dirishani. Nilifumba macho nikaomba.

"Mwalimu, hivyo ndivyo ulivyowafundisha?"

"Hapana, bwana," Thadeus akasema. "Niliwafundisha kwamba mtu asipokuwa na hakika, ajaribu."

"Basi tumtoe kuku tuone," akasema Jedidah.

"Nani atamtoa?" akauliza Thadeus.

Watoto wote wakamwangalia mwenye suti. Inspekta akavua koti, akamfunika kuku, akamnyanyua. Kuku akatoa kichwa, akamdonoa sikio. Pini hazikuanguka.

"Si kuku!" darasa likapaza sauti.

Thadeus akaachanisha waya. Pini zikamwagika mezani.

"Ni mawe!"

"Rudieni," akasema inspekta, kuku kifuani, sikio likivuja damu. Wakarudia, naye akicheka kama mtoto, mpaka mawe yakaisha nguvu kabisa. Ndipo akaniita dirishani: "Mama, tafadhali, mpokee mnyama wako."

Thadeus aliandikwa kazi, akafundisha mpaka akastaafu. Mayai yalianguliwa yote, Bwana asifiwe. Lakini tangu siku ile wanawake wa kanisani wakawa wananiletea mawe ya redio zao. Nikawaambia, jamani, si kuku, ilihakikishwa mbele ya serikali.

"Tumesikia, Mama Lois," wakanijibu. "Sasa ataatamia tena lini?"