Matembezi ya Mama Jeanine Porini Kilunga

Kwetu Wamaza mtu anaingia porini na sababu: panga, kikapu, mtego. Mama Jeanine, muuza vitenge, aliingia mikono mitupu. Kila Jumapili akitoka misa alivaa mabuti yake, akapanda kilima cha Kilunga, akashinda huko akizunguka tu, kisha akarudi anatabasamu peke yake. Basi midomo ikafunguka. Mjane, anatoka porini bila hata ukuni mmoja? Kama si mchawi ni nini? Yeye hakujali. Alipenda kutembea, na kama huo ni uchawi, mimi nami nifungwe.

Pori lile ni la wote. Ndiyo maana Muhindo, mkubwa wa wachimba dhahabu aliyetoka Butembo akapitia Salamabila, alilitamani na akamwomba shefu wa kijiji ruhusa ya kulichimba. Mama Jeanine aliposikia, usingizi ulimruka. Wakilichimba, atatembea wapi? Na maji tunayokunywa yatatoka wapi? Alikwenda kwa shefu, akafukuzwa. Akarudi. Akarudi tena, mpaka shefu akachoka akasema haya, twende tukalione hilo pori, kisha nitaamua.

Wakaenda watatu, Muhindo naye, mchana kweupe. Mama Jeanine alitangulia, akiwaonyesha chemchemi moja baada ya nyingine. Alimwonya Muhindo kwamba mule ndani watu hawaitani kwa majina wala hawaitiki. Wanagonga shina la mti. Muhindo alicheka mpaka akakohoa.

Karibu na kilele, ndege wakanyamaza. Wadudu nao. Miaka yote ya kutembea pale, Mama Jeanine hakuwahi kusikia kimya cha namna ile. Halafu kutoka bondeni, kwa upole kabisa, sauti ya mwanamke ikaita: "Emile."

Jamani. Emile ni jina la shefu la utotoni. Tangu apewe kiti hakuna anayelitaja, hata mke wake. Aliyekuwa akimwita hivyo ni mama yake, na huyo tulishamzika. Shefu alisimama macho yamemtoka, hakuitika. Mama Jeanine aliweka kidole mdomoni. Lakini Muhindo, mtu wa kelele, alidhani ni mke wa shefu anawatafuta.

"Tuko huku! Njoo!" akapaza sauti.

Ikaja. Hawakuona kitu, ila majani yalikuwa yanalala chini kwa mstari mmoja, polepole, kama yanakanyagwa na mtu aliyechoka. Wanaume wakatimua mbio. Mama Jeanine miguu ilikataa. Majani yakalala mpaka mbele ya mabuti yake, yakamzunguka, kisha yakaendelea, upande ule waliokimbilia wenzake.

Kesho yake Muhindo alipanda pikipiki kurudi Salamabila, hakumuaga mtu. Shefu akatuita wote. Akasema Kilunga haitachimbwa, haitakatwa mti. Mama Jeanine akapiga vigelegele, machozi ya furaha yanamtiririka. Shefu akangoja anyamaze, ndipo akaongeza kwamba hakuna mguu wa mtu utakaoingia tena mule.

"Hata miye, Shefu?"

"Weye wa kwanza, mama," shefu akamjibu, bila hasira. "Niligeuka nikaona. Sisi ilitufukuza. Weye ilikupisha. Ile kitu imekuzoea."