Ukoo wa Herufi Nne

Hebu mwone Jenoveva anavyofika. Ni Butiama, jua limepanda, njia ya kwenda shambani kwa wakwe zake. Amekaa nyuma ya baiskeli ya kukodi, kitenge kimemlegea, kandambili moja imebaki huko Makutano, na baiskeli haijasimama yeye ameshashuka. Mikono mitupu. Hajatuma hata salamu kwamba anakuja. Mama mzaa binti hafiki hivyo ukweni, msomaji wangu, hata nyumba yake ikiwa inaungua.

Asubuhi ile ile alikuwa Bunda, kwenye benchi la parokia, anacheka.

Aliyemchekesha ni Mzee Apolinary, karani wa mahakama mstaafu aliyetoka Musoma, aliyekuwa akiwafundisha kina mama wa sokoni Kiingereza kila Jumamosi. Soko huria lilikuwa limeingia, bidhaa zinamwagika madukani na maandishi ya kizungu, na kina mama walichoka kuuza wasichokijua. Mzee alikuwa na njia yake. Maneno ya Kiingereza, alisema, yana koo kama watu. Ukiona herufi zile zile mkiani, uliza kama ni ndugu.

"Wiki iliyopita tulikuwa na 'night', 'light' na 'fight'," alisema. "Usiku, mwanga, ugomvi. Hao wanafanana sura tu, hawajuani. Leo nawaletea ndugu wa damu." Akaandika ubaoni 'suicide', akaandika 'homicide'. "Huyu ni kujiua. Huyu ni kuua mtu."

"Mwalimu, kila neno lako linamfunga mtu!" alisema Kija, muuza nyanya. "Hakuna ukoo wa maandazi?"

"Mimi nilikuwaga mahakamani, mama, sikuwaga hotelini."

Benchi zima likacheka, na Jenoveva naye. Kisha mzee akapigia mstari herufi nne za mwisho: C, I, D, E. "Mkia huu ukiuona, popote pale, jua kuna kuua."

Jenoveva akaacha kucheka. Mkia ule anaujua. Ameusugua kwa mkono wake.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimeuona kwenye kopo."

"Kopo gani?"

"La uji."

Wengine walianza kucheka tena, mpaka walipomtazama usoni.

Kopo lenyewe lilikuwa jeupe, lenye mfuniko wa kukaza, zuri kuliko chombo chochote nyumbani kwake. Alilinunua tupu sokoni kwa mtu asiyemjua. Miaka ya kupanga foleni ya sabuni na sukari ilikuwa imewafundisha watu kutotupa kopo. Unalisugua kwa majivu na mchanga, unaliachia jua, linakuwa la maji au la maziwa. Alilisugua hasa. Karatasi yake ilibanduka nusu, nusu ya pili ikang'ang'ania na zile herufi nne. Jana yake alilijaza uji mchachu, akampa binti yake Eufrasia, aliyekuwa amekuja kumsalimia, aende nao Butiama wakanywe watu watakaomsaidia kupalilia pamba.

"Hiyo itakuwa dawa ya pamba," mzee alisema, na chaki ikamtoka mkononi. "Neno zima ni 'insecticide', ya kuua wadudu."

"Wadudu tu, mwalimu?"

"Ya wadudu, mama. Lakini sumu haiulizi mdudu ni yupi."

Zamani dawa ile ilikuja na ushirika, na bwana shamba alisimama akaieleza kwa Kiswahili. Siku hizi inauzwa na yeyote, haielezwi na yeyote. Hayo Jenoveva aliyawaza juu ya lori la pamba alilolisimamisha kwa kujitupa barabarani. Aliwaza pia Eufrasia ana mimba, na kwamba anayeleta kinywaji ndiye huonja kwanza, ili watu wajue hakina baya. Kila lori lilipopunguza mwendo alihisi kama kuna mtu anakata roho.

Akashuka Makutano, akakodi baiskeli, ndipo akafika pale ulipomwona, kwenye ukingo wa shamba. Kopo jeupe liko kwenye tuta, limefunguliwa. Watu wamekaa. Na mwenye kibuyu mkononi, anakipeleka mdomoni, ni Burito, mume wa Eufrasia.

Akasimama hapo hapo. Kule kwao mama mkwe na mkwe wake hawakaribiani, hawaonani wakila, na jina la mkwe halitoki kinywani mwa mama mkwe mpaka anaingia kaburini. Jenoveva alitafuta neno lingine. "We! Nyie!" Upepo ukalichukua. Wakamtazama wakidhani ni kichaa, na kibuyu kikaendelea kupanda.

"Burito!" alipiga kelele. "Burito, mwaga! Sumu!"

Kibuyu kilianguka. Baba yake Burito alisimama, akashika kichwa. "Huyu mama ametuvua nguo," alisema.

Jenoveva hakumsikia. "Nani ameonja?"

"Mimi, mama," alisema Eufrasia. "Funda moja."

Walimkimbiza zahanati kwa baiskeli ile ile. Alitapika njia nzima, mama yake akikimbia pembeni huku amemshika mguu. Mganga alimlaza, akampima, na kesho yake akamruhusu, yeye na mimba yake. Kama ni uji au ni hofu iliyomtapisha, mganga alisema hawezi kuapa.

Kuku wa jirani waliudonoa uji ule uliomwagika. Jioni walionekana wakitembea. Siku ya pili mmoja alikufa, lakini wengine wanasema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku, uliokuwa umeshaingia kijijini.

Basi wazee wa ukweni wamekaa, wamesema jina limetajwa hadharani, na mbuzi atolewe kuwa faini. Burito amesema yeye hadai kitu, lakini si yeye anayeamua. Jenoveva hana mbuzi.

Wewe unayesoma, ungekuwa umekaa na wazee wale: mbuzi huyo ungemdai nani?