Mama Mdogo na Mguu wa Kulia

Mume wangu alikuwa amechoka kulima tumbaku ya Malakisi. Alitaka farasi wa kubebea watoto kwa malipo wikendi pale Bungoma mjini, na akiba yetu ilitosha farasi mmoja tu. Huyo akichechemea, basi, tunarudi kwa tumbaku.

Kule Kwanza, karibu na Kitale, muuzaji wa farasi alitutolea wawili. Mume wangu ni mtu wa Sirisia na jicho lake limezoea kupima fahali. Alimwendea dume mweusi mwenye shingo nene, akampigapiga mgongo, roho ikatulia. Jike wa kahawia, mwenye kichwa kirefu kama jembe, hata hakumtazama.

Nilikuwa nimemleta mama mdogo, aliyetunza farasi kwenye shamba moja la Kitale hadi akastaafu. Kwetu mwanamume hamsogelei mama mkwe, sembuse kumpa mkono, na ndugu wa mama mkwe ni mama mkwe vilevile. Kwa hiyo alisimama ubavu huu wa dume, mume wangu ubavu ule, nami katikati nikipeleka maneno.

"Ni wa mbari gani?" mama mdogo alimuuliza muuzaji.

"Mbari kabisa, mama," muuzaji alijibu. "Ametoka mbari, huko mpakani."

Aliuliza ukoo, akajibiwa umbali! Mama mdogo alicheka hadi akashika kiuno. Kisha akaanza kazi, na jamani, nampenda mama yule akiwa kazini! Kichwa hakukigusa. Alianza na kwato, akazigonga kwa kidole, akapandisha kiganja polepole hadi begani. Halafu akaagiza dume atembezwe kwenye barabara ngumu ya murram, kwenda na kurudi, yeye amefumba macho.

"Sikia," aliniambia. "Mitatu inakanyaga, mmoja unaomba ruhusa."

Mume wangu alinuna. "Mwambie mama mimi naona farasi mzuri tu."

Mama mdogo hakubishana. Aliweka kiganja kwenye mguu wa mbele wa kulia, chini ya goti, akakiondoa, akarudi nyuma hatua tano. Mume wangu alizunguka, akainama, akashika palepale. Akashika na wa kushoto, akarudia wa kulia. Wa kulia ulikuwa moto, kama wenye uvimbe ndani. Nilimwonea huruma, maana tangu nimjue hajawahi kuchaguliwa hata mbuzi.

"Mwambie mama," alisema bila kuinuka, "anichagulie."

Sikumwambia. Alikuwa amesikia, na tayari alikuwa ameinama kwenye kwato za jike.