Nondo, Mkaa na Chumvi Mlangoni Kwangu

Bora niseme mwenyewe. Mimi mzee mzima, mvi mpaka kwenye nyusi, fundi cherehani niliyewashonea watu wa Tabora kanzu za Idi na suti za harusi tangu wengine hawajazaliwa, nilikutwa mlangoni kwangu asubuhi na mapema nikiwa kifua wazi, msuli nimeupandisha magotini, mkono mmoja chumvi, mkono wa pili kuku, na mbele yangu shimo. Nawaambia kabla hamjaambiwa na jirani yangu Mama Hadija, maana yeye akisimulia yule kuku anakuwa jogoo mweusi, na hakuwa jogoo wala hakuwa mweusi, alikuwa mtetea wa kijivujivu, tena wa kwake yeye Mama Hadija, mwizi tu wa mahindi yangu.

Sababu ya yote ni mvumo.

Nina mashine ya santuri. Si ile ya kuzungusha kwa mkono yenye tarumbeta, hapana, hii ni ya umeme, ina sahani nzito na mkono na sindano, inaunganishwa na amplifaya na spika mbili za mbao kubwa kama makabati. Aliniachia mteja wangu mmoja, bwana mkubwa wa ofisini (alikuwa na kitambi kinachohama, mwaka huu kiko juu ya mkanda, mwakani kiko chini yake, kila mara narekebisha suruali, ndivyo tulivyozoeana), siku anastaafu akasema, Mzee Athumani, haya madude siwezi kuyapakia kwenye treni, kaa nayo. Nikakaa nayo, na katoni nzima ya santuri.

Ila ilikuwa inavuma. Ukiwasha tu, sindano hata haijagusa santuri, mmmmmm, kama nyuki ndani ya mzinga, na sisi watu wa huku nyuki tunawajua. Muziki unakuja juu ya ule mvumo kama mtu anaimba na mwenzake pembeni anakoroma. Nikaja kugundua kwamba nikiugusa mkono wa mashine kwa kidole mvumo unapungua, nikitoa kidole unarudi, basi ikawa kila nikisikiliza muziki nimekaa nimeishika mashine kama nampima mtoto homa. Marehemu mke wangu alikuwa akipita ananiuliza, "Baba Asha, huyo mgonjwa wako atatoka lini hospitali?" Alikufa bado inavuma. Hilo liliniuma, kwa sababu kulikuwa na santuri moja aliipenda sana, na hakuwahi kuisikia safi hata siku moja.

Sasa, mjukuu wetu Zuhura, tuliyemlea sisi wenyewe, akapata mchumba wa Kaliua. Kijana mzuri, nilimkagua. Wazee wake wakapiga simu kwamba Jumapili saa nne asubuhi wanaleta barua ya posa, na mimi na mdomo wangu huu usio na komeo nikasema, "Karibuni sana, na mkiingia tu mtapokelewa na santuri aliyoipenda bibi yake." Nani aliniuliza habari za santuri? Hakuna. Lakini nimeshasema, na Zuhura kasikia, na macho yakamlowa, hapo unarudije nyuma?

Jumamosi nikaenda kwa Fundi Sadiki, anayetengeneza redio karibu na soko. Nikamweleza ule mvumo (niliuvuma mwenyewe pale dukani, mmmmmm, mpaka wateja wakageuka). Akasema, "Mzee wangu, hiyo haina erthi. Inataka erthi tu."

"Erthi ndiyo nini?"

"Ni kama ile ya nyumba, mzee. Wanachimba shimo, wanapiga nondo chini, wanajaza mkaa na chumvi, wanamwaga maji, waya unatoka pale. Umeme ukileta fujo unakimbilia ardhini. Ya kwako nitakuja Jumatatu nikufungie, ni kazi ya dakika moja."

Dakika moja, alisema, na mimi sikujiuliza shimo linachimbwaje kwa dakika moja. Niliona ameshanipa dawa, ya nini kusubiri Jumatatu wakati posa ni Jumapili? Hapo ndipo nilipojiharibia. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu nilitoka katikati, kwa hiyo jambo nisilotaka kulisahau siliandiki, naliimba. Nikatoka sokoni mpaka nyumbani naimba, "nondo, mkaa, chumvi, maji, nondo, mkaa, chumvi, maji." Babu wa baba yangu alibeba pembe za ndovu kichwani kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, miezi, na mzigo haukumwangukia, mimi maneno manne yakaja kuniangusha kizingitini kwangu.

Jumapili nikaswali alfajiri, nikavua kanzu isichafuke, nikaanza. Waya nilikuwa nao wa pasi iliyoungua, mfupi, kutoka kwenye mashine unatoka dirishani unafika mlango wa mbele tu, basi shimo nikachimba hapohapo, hatua moja kutoka kizingitini. Nondo ilikuwa imebaki tulipojenga choo. Mkaa nikatoa jikoni. Chumvi nikatafuta ile ya mawe ya Uvinza, nikasema kama ni kufanya tufanye vizuri. Pale waya unapoungana na nondo nilihitaji utepe wa kufungia na sikuwa nao, ila fundi cherehani hakosi kitambaa, nikachukua kipande cha kwanza kilichokuja mkononi nikazungusha. Kilikuwa chekundu.

Na muda wote huo ninaimba. "Nondo, mkaa, chumvi, maji. Nondo, mkaa, chumvi, maji." Kimoyomoyo, nilidhani.

Ndipo yule mtetea akaingia akaanza kupekua mkaa wangu. Nikamfukuza, akarudi. Nikamfukuza, akarudi na kuingia kabisa shimoni. Nikamkamata miguu nimtoe, nimemwinua namna hii, nasikia upande wa uzio, "Shikamoo, Mzee Athumani."

Mama Hadija, na ufagio wake, na macho yake.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama." Anaangalia kuku, anaangalia shimo, anaangalia kile kitambaa. "Leo si ndiyo wageni wa Zuhura?"

Mimi nikaona aibu kusema kwamba nafanya kazi ya fundi bila fundi. Nikajibu kiutu uzima, "Ndiyo nawaandalia hapa. Nataka wakifika tu, pawe kimya. Kusiwe na kuvuma tena."

Akasema "Haya," taratibu sana. Akasema tena, "Haya." Akaomba kuku wake.

Nikafukia, nikamwaga maji, nikaingia ndani kujaribu, umeme hakuna! Umekatika. Nikaminyaminya swichi zote, nikazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho nikidhani labda kimekwama, wapi. Nikaviacha vyote vimewashwa nikaenda kuoga.

Saa nne kamili wakafika. Mbele Bi Mwanne, shangazi wa bwana harusi, mwanamke mkubwa wa sauti na mwili, barua iko ndani ya mkoba wake, ameukumbatia. Nyuma yake kaka yake, Mzee Maganga, mrefu, mkimya, kofia ya kiua. Hodi, karibuni, asalaam aleykum, na Bi Mwanne anainua mguu aingie.

"Shangazi, usikanyage hapo!"

Nimwambie nini Mama Hadija? Hata leo nasema hakuwa na nia mbaya. Alikuja mbio, upande mmoja wa kanga unaburuta, akamwambia Bi Mwanne nimezika kitu, na kitambaa chekundu, na chumvi, nilikuwa ninanuizia, na nilisema mwenyewe kwa mdomo wangu kwamba wakifika wanyamaze. Bi Mwanne mguu bado uko juu. Anageuza shingo anaangalia chini, udongo mbichi, unyevu, waya unatoka unaingia dirishani kwangu.

Na umeme ukarudi.

Jamani. Nilikuwa nimeacha sauti mpaka mwisho, na kumbe ile erthi yangu haikuupunguza mvumo, iliuzidisha. Nyumba nzima ikaguna MMMMMMM, vioo vya dirisha vikatetemeka, vikombe ndani ya kabati vikaanza kugongana, na Bi Mwanne akaruka kinyumenyume kwa wepesi ambao msichana wa miaka kumi na sita hana.

"Inanguruma! Nyumba inanguruma!"

Zuhura akatoka mbio ndani na ushungi wake mpya, ameziba masikio, kazima mashine. Akaniangalia, akaliangalia shimo. "Babu, umefanya nini?"

"Nimeweka erthi."

"Umeweka nini?"

"Atajua mwenyewe alichoweka," Bi Mwanne akasema, anahema, mkoba ameubana kwapani. "Kaka Maganga, twende zetu. Barua inarudi Kaliua. Mtoto wetu haolewi... haoi kwenye nyumba ya kuzikiwa vitu!"

 Kuaibika nimeshaaibika mara nyingi, nimewahi kumshonea imamu kanzu yenye mkono mmoja mfupi, nilipona. Lakini nilimwona Zuhura mdomo unamcheza, na akasema polepole, kwa utani wetu ule wa babu na mjukuu ila sauti ilikuwa imekatika, "Yaani Babu, wivu gani huu, unaniachisha mume hata sijampata."

 Mzee Maganga akachuchumaa pale shimoni. Akachokonoa udongo kwa fimbo yake mpaka nondo ikaonekana, na kitambaa. Akakiangalia kitambaa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Chumvi ya mawe au ya kusaga?"



"Ya mawe," nikasema.

"Mkaa ulitwanga?"

"Sikutwanga."

"Ungetwanga. Mkaa wa mapande haushiki."

"Kaka!" Bi Mwanne akapiga ukelele. "Na wewe unayajua mambo haya?"

"Miaka thelathini," akasema Mzee Maganga.

Mama Hadija akakaa chini kabisa.

Kumbe yule mzee alikuwa fundi wa simu za reli pale Kaliua, njia inapogawanyika kwenda Mpanda. Akatueleza, bila haraka, kwamba kila nguzo ya kituo ilikuwa na shimo lake la mkaa na chumvi, yeye ndiye akichimba, na kuna kijiji kimoja walimfukuza kwa mishale alipokutwa anamwaga chumvi huku anahesabu. "Tangu hapo nikichimba naimba wimbo wa dini," akasema, "kwa sauti kubwa." Akanyanyuka, akalivuka lile shimo, akaingia sebuleni kwangu kama anaingia kwake.

Akazunguka nyuma ya mashine akacheka, na hakuwa mtu wa kucheka. "Mzee mwenzangu, nyumba yako ina erthi tayari. Amplifaya inaitumia, si unaona plagi yake ina miguu mitatu? Wewe umeipa mashine erthi yako ya pili kule mbele. Erthi mbili, nyumba moja, zinavutana, na kelele unasikia wewe." Akaukata waya wangu wa pasi. Akashika kile kijiwaya chembamba cha kijani kinachotoka kwenye mashine, kina kiuma mwishoni kama ulimi wa nyoka, ambacho miaka yote nilidhani kimesahauliwa na kiwanda. "Hiki kinafungwa hapa."

Na hapa ndipo panaponiumiza mpaka leo. Nyuma ya amplifaya kuna skrubu ndogo imekaa peke yake, na mimi ile skrubu naijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu nilikuwa naitundikia tepu yangu ya kupimia nguo. Mzee Maganga akaitoa tepu, akanikabidhi kwa heshima zote, akakichomeka kiuma, akakaza kwa ncha ya kisu. Kisha akachomoa friji kutoka kwenye ekstensheni ileile, akasema hili nalo litakuwa linakupigia tak kila likiwaka, likae kwenye soketi yake.

"Washa."

Nikashusha sauti, nikawasha. Kimya. Nikadhani imekufa. Nikaweka sindano, na sauti ikatoka, safi, mpaka pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza unaisikia, na sikuwa nimeishika mashine, mikono yangu miwili nilikuwa nimeshika tepu. Zuhura alikuwa analia. Mimi nilikuwa na kitu jichoni. Dakika moja, alisema Fundi Sadiki. Ilikuwa chini ya hapo, na mke wangu alingoja miaka.

Bi Mwanne bado yuko nje. Tunamwona kupitia dirishani, amegeuza uso, ila bega linacheza. Ubeti wa pili akawa anaimba. Ubeti wa tatu akasema kwa sauti, "Mlango wa mbele siukanyagi, hata mnipe nini! Nyumba hii haina mlango wa nyuma?"

Zuhura akakimbia kumfungulia. Nami nikataka kufungua mdomo, kwa sababu erthi ya nyumba, ile ya kwanza, ile yenye nondo na mkaa na chumvi, ambayo sasa ndiyo nilikumbuka mafundi wakiichimbia shimo siku tulipoingiziwa umeme, imezikwa wapi? Chini ya kidaraja cha kupandia cha mlango wa nyuma. Mzee Maganga akanifinya paja, nguvu kweli. "Nyamaza," akaninong'oneza. "Barua iingie kwanza."

Ikaingia. Bi Mwanne akapanda kile kidaraja kwa miguu yake yote miwili, akafungua mkoba, akaitoa barua imefungwa kwenye leso, akanikabidhi.

Zuhura sasa yuko Kaliua na mumewe. Mimi nimeapa sichimbi tena hata shimo la mchicha bila kwanza kutangaza mtaani, nimevaa kanzu, mchana, na kazi ya Jumatatu naiacha mpaka Jumatatu. Lakini kiapo hakikunisaidia sana, maana tangu ile posa ikubaliwe kuna watu watatu wameshakuja kibarazani kwangu, wanajifanya wanaleta nguo za kurekebisha, mwishowe wanashusha sauti: "Mzee, ile dawa yako ya mlangoni..." Wa mwisho alikuwa Mama Hadija, ana binti. Alikuja na kuku.

Na Bi Mwanne akija kunitembelea bado anazungukia nyuma. Sijamwambia. Na ninyi mkikutana naye, tafadhali.