Nyota ya Beno

Usiku ule mama alinijia akiwa na unga mpaka kwenye viwiko, kana kwamba hajafa, ametoka tu nje kuchungulia jua. Ilikuwa wiki ya Krismasi, ya pili tangu tumzike. Mchana nilikuwa nimetengeneza mapambo kama alivyonifundisha: unga wa ngano, chumvi nyingi, karafuu kidogo na mdalasini wa shambani kwetu Uluguru, unakanda mpaka donge liache kunata. Kila mtu wa nyumba hukatiwa nyota yake, jina huchorwa kwa kijiti, kisha nyota huanikwa kwenye ungo hadi zikauke na kutundikwa kwenye tawi la mvinje sebuleni. Nilikata za wote isipokuwa ya mdogo wangu, Beno. Aliyemtelekeza mama akiumwa hana nyota kwangu, nilisema, na ukoo mzima ukaniunga mkono.

Basi tuko jikoni, mama anakanda, na moshi hauumizi macho. Nimefurahi kupita kiasi. Nimekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi nikingoja anisifu, kama nilivyokuwa nikingoja maisha yangu yote. Anaokota nyota yangu, anainusa, anairudisha kwenye ungo.

"Hii haina harufu, Kolasta."

Nanusa. Kweli, hainuki chochote.

Sasa si jikoni tena, ni chumba alichougulia, na shuka ni lile la bluu. Mama amelala, ila mikono yake bado inakanda donge juu ya kifua. Ananiuliza swali lake la kila jioni.

"Umempigia Beno?"

Nami najibu jibu langu la kila jioni. "Nimempigia, mama. Hapokei."

Sikuwahi kumpigia. Miezi minne nilimwogesha mama, nikamlisha uji, nikamgeuza asitoke vidonda, na jina lililomtoka mdomoni lilikuwa la yule aliyeko Mbeya. Niliona wivu, wivu wa kitoto kabisa, na mimi nina wajukuu. Nikajiambia nitampigia Beno siku mama akizidiwa. Alizidiwa alfajiri moja, na jua lilipotoka alikuwa amekwisha. Beno alikuja mazikoni akaapa kwamba hakupigiwa simu hata mara moja. Niliwatazama shangazi zangu, nikatikisa kichwa. Wakampa mgongo, naye akaondoka bila kula.

Mama anaingiza mkono chini ya mto, anatoa nyota iliyokwisha kukauka. Imeandikwa Beno, kwa mwandiko wake.

"Itundike."

Haina tundu la uzi. Kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba tundu hutobolewa nyota ikiwa mbichi. Najua, lakini nachukua msumari, nauzungusha polepole, polepole, na nyota inapasuka katikati. Natamani mama anigombeze. Hanigombezi.

"Ungetoboa ikiwa mbichi," anasema. Halafu ananikunjia vidole juu ya vile vipande, na mikono yake ni ya moto. "Mpelekee hivyo hivyo."

Nikaamka nimekunja ngumi, ndani yake hakuna kitu. Nyumba nzima ilikuwa inanukia mdalasini, na jogoo wa jirani alikuwa anawika. Niliichukia ile harufu. Nilikwenda sebuleni, nikakaa chini karibu na ungo, nikabonyeza namba ambayo sikuwahi kuibonyeza miezi minne ile.

Alipokea simu ilipoita mara ya kwanza tu.

"Dada," alisema, "nani amekufa?"

Nikamwambia yote, hivyo hivyo yalivyovunjika.

"Kwa hiyo mama alikufa akijua simpendi."

"Ndiyo," nikasema, maana ndivyo alivyokufa.