Niliponyoa Kichwa, Mtaa Ukaja Kulia

Mume wangu alikuwa na kansa ya tezi, na mimi nilikuwa na diploma ya chuo kikuu. Nadhani diploma ndiyo iliyomsumbua zaidi.

Ilikuwa miaka ile ya vita, Butembo, mashariki mwa Kongo, ikiwa mikononi mwa waasi. Kabla ya kuugua, alikuwa akishughulikia karatasi za mizigo forodhani Kasindi, mpakani na Uganda, kwa hiyo madereva wa malori walimfahamu, na ndio waliotuletea dawa kutoka Kampala. Kila baada ya wiki tatu alitundikiwa serumu yenye dawa hizo hospitalini kwetu mjini. Mara mbili zilikuwa zimeshapita. Kwa mara ya tatu daktari alitoa sharti moja: afike Alhamisi bila homa. Damu yake ilikuwa dhaifu, alisema, na mafua ya mtu mwingine yangeweza kumwangusha. Akiwa na homa hapati dawa, na asipopata dawa kwa wakati, zile tezi za shingoni zitavimba upya.

Mtu mwenye akili angesikia hayo akanawa mikono. Mimi nilinunua daftari. Nilimpima joto asubuhi, mchana na jioni, halafu nikajipima mwenyewe ili kuhakikisha kipimo hakijaharibika. Nilichemsha maji ya kunywa, kisha nikayachemsha tena kwa sababu yalikuwa yamepoa na sikujua nini kilikuwa kimeingia humo. Getini kwenye lupango yetu, yaani ua wetu, nilibandika karatasi: WAGENI WASALIMIE KUTOKA BARABARANI.

Kwetu mgonjwa husalimiwa kitandani. Watu huja kumi kwa wakati mmoja, wanakaa, wanaomba, wanaacha kuku. Jirani yetu wa upande wa juu alisoma ile karatasi, akainua sauti ili nisikie vizuri.

"Donc sasa masomo inakataza batu kusalimia mugonjwa?"

"Mama, ni daktari alisema."

"Daktari alisema nipige kelele mu barabara kama muuza samaki?"

Mume wangu alikuwa anasikiliza kitandani. "Madame licenciée," akaniita, yaani bibi mwenye digrii, kama alivyoniita kila nilipozidisha. "Nikipona, utanifungulia mulango? Ama nitabakia humu na daftari?"

Lakini utani wake ulikuwa umeanza kupungua. Nywele zilibaki kwenye mto, halafu nyusi zikafuata. Ndevu ambazo hapo zamani zilimchelewesha kila Jumapili kwenda misa ziliondoka zenyewe bila wembe. Alinikabidhi kioo akasema nikifiche. Ugali wa muhogo ulimnukia kama sabuni, na kwa siku mbili alikuwa ameishi kwa chai.

Ndipo nikakumbuka habari niliyoisoma katika jarida moja kuukuu la Kifaransa: mwanamke wa Ulaya alinyoa nywele zake ili mumewe mgonjwa asijisikie peke yake. Nililia nilipoisoma. Nikafungua daftari nikapiga mstari katikati ya ukurasa, faida upande huu, hasara upande ule. Kwa siku tatu niliandika. Baridi ya Butembo ilikuwamo. Umbo la masikio yangu lilikuwamo, na lilichukua mistari minne. Nilifikiria hata kama nifunge kitambaa, nikaamua hapana, mapenzi hayafichwi. Sikuandika jambo ambalo mtoto yeyote wa Butembo angenikumbusha: kwetu mwanamke mwenye mume hanyolewi kichwa bila sababu.

Jumatatu mchana, yeye akiwa amelala, nilijinyoa kwa wembe wake. Alipoamka akanitazama.

"Uko mubaya sana," akasema. Halafu akaongeza, "Nataka supu ya viazi."

Alitaka kula! Nilikimbia sokoni, kichwa wazi, nikitabasamu kwa ushindi. Mama muuza viazi aliponiona aliacha beseni lake akaja kunikumbatia.

"Pole, mama. Ni lini?"

Nilifikiri anauliza kuhusu serumu. "Alhamisi, saa mbili ya asubuhi."

"Tutafika bote." Akanijazia kikapu, akakataa pesa. Nikarudi nyumbani nikiwaza jinsi jarida lile lilivyosema kweli: tendo moja la mapenzi, na mtaa mzima unalainika.

Viazi vilikuwa vinaanza kuchemka niliposikia kilio barabarani. Nikachungulia. Jirani wa upande wa juu alikuwa mbele, mzigo wa kuni kichwani, na nyuma yake wanawake wapatao arobaini, vitenge vimefungwa kiunoni, maharage ndani ya mabeseni. Ile karatasi ya getini ilikuwa imeshakanyagwa.

"Nani alikufa?" mume wangu akauliza kutoka kitandani.

Nikashika kichwa changu, kilichonyolewa kama cha mjane, na mkono ukanijibu.

Mtu mwingine angetoka nje akasema hajafa. Mimi nilisimama katikati ya chumba nikihesabu waliokuwa wanakohoa. Nikiwaambia ni mzima, wataingia kumwona. Nikinyamaza, wataingia kumlilia. Nilikuwa nimelinda nyumba ile wiki mbili dhidi ya mgeni mmojammoja, kisha nikawaita wote kwa wembe.

Alinielewa bila kuambiwa. Akajikokota hadi dirishani, akafungua.

"Bamama, mulie polepole. Niko nangojea supu."

Beseni moja la maharage lilianguka. Jirani alipiga kelele kuliko wote, kisha akawa wa kwanza kukasirika. "Na huyu bibi yako alijinyoa juu ya nini?"

"Ni masomo, mama."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Akawaomba wasivuke mlango, na ajabu, yeye walimsikiliza. "Lakini kama mulikuya na sifa zangu, musirudie nazo. Nisikie." Basi wakakaa uani wakamsifu, mmoja akisema alikuwa na roho nzuri, mwingine akimkatiza, "Roho nzuri, mais bahili!" Naye nyuma ya dirisha alimaliza mabakuli mawili ya supu.

Kwa bahati mbaya mtu alikuwa ameshapeleka habari kwa familia yake Beni kwa fonia, redio ya mawasiliano ya parokia. Kesho yake mama mkwe alishuka kutoka kwenye lori, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alimpiga mwanawe kofi la begani, akamkumbatia, akalia, akanigeukia.

"Basoda banne ba barrière mu njia balituachilia tupite bure, juu nililia vizuri. Sasa machozi yangu nirudishe kwa nani?"

Mimi nilikuwa tayari natafuta kipimo. Mama mkwe alikuwa amemkoholea mwanawe usoni.

Usiku huo na uliofuata nilimpima mpaka akaficha kipimo chini ya godoro. Alhamisi, saa mbili, tulikuwa hospitalini. Muuguzi akampima kwa kipimo chao, nikaona midomo yake ikihesabu, nikahesabu naye. Hakuna homa. Akachukua damu, tukangoja kwenye benchi kwa muda wa kama saa mbili, kisha akarudi na chupa ya dawa mkononi. Alipoinua macho akaona kichwa changu, uso wake ukabadilika.

"Oh, pole mama. Ulipoteza nani?"

Nilifungua mdomo nieleze yote tangu jarida la Kifaransa.

"Miye," mume wangu akasema, akakunja mkono wa shati akamnyooshea.