Baiskeli ya Mahari Iliyotoa Povu

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sikukuzaa mimi, siku ile baiskeli ya mahari yangu ilipotoa povu kama shuka la kufua, naikumbuka mpaka majina ya mbuzi waliofungwa pale uani. Walikuwa wawili, Kapitula na Sikitu, na mwenye akili alikuwa Sikitu. Nitakueleza polepole, maana katika makosa ya siku ile mimi nilikuwa na sehemu kubwa kuliko mbuzi.

Ilikuwa miaka ya vita. Si vita hii waliyoikimbia wazazi wako, ni ile ya kwanza, ya miaka michache baada ya uhuru, nilipokuwa binti wa kufunga kitambaa kichwani na kujiona. Hapa Kindu treni zilikuwa zimesimama, chumvi ilikuwa kitu cha kusimuliwa, na mtu mwenye baiskeli, kinga tunavyoiitaga sisi, alikuwa mukubwa. Baba yangu Assumani alikuwa analeta mchele kutoka Kibombo kwa miguu, gunia kichwani. Kwa hiyo Ramazani, mtoto wa Mama Sifa, alipokuja kusema ananitaka, baba hakuuliza habari ya ukoo wala ya dini. Aliuliza neno moja tu: "Iko na kinga?"

Ramazani alikuwa nayo. Ila chuma chake cha juu, kile kinachotoka chini ya kiti kwenda kwenye usukani, kilikuwa kimevunjika, na vipuri havikuwa vinafika Kindu tena. Basi akachimbua bomba la maji kwenye nyumba iliyoungua nyuma ya gare, stesheni ya treni, akalikata kwa kipimo, na fundi akalichomelea mahali pa kile kilichovunjika. Baiskeli ikasimama. Ilikuwa nzito kama ng'ombe, lakini ilisimama.

Wiki moja kabla ya kuleta mahari, Ramazani alinionyesha tumbo la lile bomba, upande wa chini. Palikuwa na kidonda cha kutu, kikubwa kama kwato la mbuzi. Ukigusa, chuma kinatoka maganda kama kitunguu.

"Nitamwambia baba yako," alisema. "Nitamwambia hapa pamekonda, asipakie magunia mawili."

Mimi njo nilikataa, mimi ndiye. Naandika wazi, maana yeye mwenyewe yuko pale nje kwenye kiti chake na atataka asomewe. Nilimwambia, "Ukisema, watasema umewaletea takataka. Wewe nyamaza. Niko na dawa."

Dawa ilikuwa sabuni. Mama alikuwa anapika sabuni ya mawese na majivu ya maganda ya ndizi, na ndani yake anatia mchaichai ili inukie vizuri. Wakati ule kipande cha sabuni kilikuwa kinafungiwa sandukuni pamoja na nguo za Idi. Nilichukua cha mwisho. Nikakikanda na majivu, nikaziba kile kidonda, nikasawazisha kwa kidole gumba, kisha Ramazani akapaka bomba zima masizi yaliyochanganywa na mawese. Likang'aa kama kiatu cha padri siku ya Pasaka.

Mama alitafuta sabuni yake siku mbili. Siku ya tatu akaamua kwamba mwizi ni jirani, Mama Bitondo, kwa sababu watoto wa Mama Bitondo walikuwa na nguo safi. Akamwambia hivyo juu ya uzio, watu wakisikia. Wakaacha kusalimiana. Mimi nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Nilisikia kila neno, nikatwanga kwa nguvu zaidi.

Basi siku ikafika. Ramazani akaja na baba zake wadogo, mbuzi wawili na baiskeli. Mama Bitondo naye alikuja, maana jirani haachi posa kwa sababu ya sabuni, lakini alikaa mbali, amempa mama mgongo. Baba alikuwa ameanza kupapasa kiti cha baiskeli kama mtoto aliyezaliwa jana. Kilichobaki kilikuwa neno la mjomba Kalonji.

Mjomba Kalonji alikuwa kaka ya mama, mtu wa Kasai aliyezeekea kwenye atelye, karakana ya treni. Kazi yake ilikuwa kukagua mabomba ya mashine za mvuke, na mfukoni alikuwa na nyundo ndogo kama kijiko. Aligonga kila kitu. Sufuria ukinunua, anagonga. Mlango, anagonga. Watu walisema hata ugali anaugonga kabla ya kula. Akainama kwenye baiskeli, akaanza mbele, akarudi nyuma.

Kii. Kii. Kii. Pu.

Akasimama. Akarudia. Kii. Pu.

"Leteni maji na kitambaa," alisema. "Mahari inapokelewa safi."

"Mjomba, imeshaoshwa," nikasema mimi, niliyetakiwa kukaa kimya na kuangalia chini.

"Njo maana inanukia," alijibu.

Akasugua. Kwanza ulitoka weusi. Kisha ukatoka weupe. Kisha povu likaanza kupanda, likashuka kwenye pedeli, likadondokea mbuzi. Sikitu akalamba mara moja, akapiga chafya, akaacha. Kapitula alilamba, akapiga chafya, akalamba tena.

Mama akainuka. Akachota povu kwa kidole, akanusa. "Huu mchaichai ni wangu," alisema polepole.

Mama Bitondo akageuza kiti chake. "Sema kwa nguvu kidogo, jirani. Mimi niko mbali."

Mjomba hakucheka. Alichukua msumari, akaubonyeza penye kidonda, ukaingia bila kupigwa. Akaingiza waya uliopindwa ncha, akauvuta mpaka ukashika ukingo wa ndani, akapima unene kwa ukucha wa kidole gumba, maana hicho ndicho kipimo alichokuwa nacho miaka ile.

"Sikilizeni," alisema, na bomba yeye aliliita tiyo. "Sitafuti tiyo isiyo na kasoro. Haiko. Hata mupya kutoka kiwandani, huku inanenepa kidogo, huku inakonda kidogo, na hiyo inaruhusiwa. Tiyo ya namna hii inazaliwa na nyama, njo unene wake, ya kucha tano. Kutu ikila, nitakuachia nne. Barabara ikiwa ya mchanga mulaini, nitakuachia hata tatu na nitafunga macho. Hapa nimehesabu moja, na hiyo moja ni ya sabuni."

Ramazani akasema kwa adabu, "Lakini mjomba, pengine pote iko nene. Ni hapa tu."

"Na baba mukwe wako akipanda, atakaa pengine pote?"

Watu wakacheka. Mjomba akangoja wamalize, kisha akamgeukia baba. "Hii ni tiyo ya maji. Maji yalilala chini yake miaka mingi, yakala kutoka ndani. Utatoka Kibombo na mchele wako. Utafika kwenye kizuizi cha askari, watasema simama, utashika breki, na hapa patakatika. Wewe chini, mchele chini, na wenye bunduki wamechoka na wana njaa. Utakimbia na nini, Assumani?"

Hapo kicheko kiliisha. Mwanangu, mimi nilikuwa nimefikiria harusi. Nilikuwa nimefikiria kitenge. Baba yangu pale kwenye kizuizi sikuwa nimemfikiria hata kidogo, na nilimwona ametoa mkono wake kwenye kile kiti polepole, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Baba wadogo wa Ramazani walianza kufungua kamba za mbuzi. Ramazani alikuwa ameinamisha kichwa. Angeweza kusema, "Ni binti yenu." Hakusema. Aliangalia povu likikauka, na nikaona kwamba akitoka kwenye uzio ule hatarudi, na atabeba jina la mdanganyifu ambalo ni langu.

Nikasimama. Nikasema, "Sabuni nilichukua mimi. Yeye alitaka kusema, mimi nikamziba mdomo kama nilivyoziba bomba. Na Mama Bitondo hakuiba kitu."

Mama akakaa. Mama Bitondo akasema, "Rudia lile la mwisho." Nikarudia. Akaniambia nirudie nikiangalia upande wa uzio, kwa sababu matusi yalipitia huko. Nikarudia nikiangalia uzio. Njo akaitikia kwa kichwa, akamwambia mama, "Na ukipika tena, utanipa kipande," na mama akampa.

Mjomba Kalonji akatia nyundo mfukoni. "Tiyo iliyokonda naijua," alisema. "Naivalisha kipande kinene, napunguza mzigo, kazi inaendelea. Ile ya sabuni njo siiwezi, kwa sababu sijui umepaka wapi pengine. Kijana, acha mbuzi hapa. Chukua kinga yako, uoshe rangi yote, uniletee ikiwa uchi."

Baada ya wiki moja Ramazani alirudi. Baiskeli ilikuwa mbaya kama ugonjwa, nyekundu ya kutu kutoka mbele mpaka nyuma, na pale penye kidonda alikuwa amechora duara la chokaa, kubwa, mtu angeliona kutoka ng'ambo ya mto. Mjomba aligonga kotekote, kisha mwenyewe akalivalisha lile tumbo kipande cha bomba nene, akamwambia baba gunia moja tu, mawili hapana. Baba alipita kwenye vizuizi vyote mpaka vita ikaisha, na haikukatika. Kapitula aliliwa siku ya harusi. Nyama yake, wengine walisema, ilikuwa na mchaichai.

Sasa usifikiri nilipona siku moja. Mpaka leo nikienda kwa daktari nikasema goti haliumi, mzee Ramazani ananiambia neno moja tu pale mlangoni: "Sabuni." Basi nakunja kitenge, naonyesha goti.

Na mwezi uliopita mjukuu wetu Feza, aliyesomea mambo ya vyuma, alikuja kupima mabomba ya zamani yanayoleta maji kwenye mtaa wetu. Nilimfuata nione. Akatoa chupa, akapaka bomba kitu cheupe cha utelezi. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Hapana, mama. Katika ukoo huu hatupaki tena."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Koko," bibi ananiitaga hivyo, "hii si ya kuficha. Ni ya kusaidia mashine isikie ndani." Akaweka kidude kidogo juu ya ule utelezi, namba ikatokea, unene wa chuma bila kutoboa wala kugonga. Mkubwa wake wa kazi alikuwa amemwambia aandike namba ya katikati ya vipimo vyote, ili karatasi ipendeze. Feza aliandika ile ndogo kuliko zote, akachora duara jekundu penye bomba. Mkubwa alikasirika siku mbili, kisha akaleta watu wabadilishe kile kipande. Sikumfundisha. Pengine Ramazani alimfundisha.

Basi hili ndilo ninalokuachia, mwanangu. Hakuna anayekutaka uwe mzima pande zote. Hata chuma hakidaiwi hivyo. Lakini jua mwenyewe mahali pako pembamba kuliko pote, na upaonyeshe mapema kwa wale watakaokupakia mzigo, kabla hawajafika barabarani. Usiwaambie habari ya pale ulipo mnene, hapo wataona wenyewe. Na ukiona mtu amenyamaza ili kosa lako limwangukie yeye, simama haraka, hata kama watu wote wanakutazama.

Mungu akuachie nyama ya kutosha kwenye chuma chako. Akupe mwenzi wa kubeba chokaa mfukoni, na akuwekee karibu mtu mmoja anayekupenda, mwenye nyundo ndogo. Amina.